Mnara wa benki ya Chase, Manhattan, New York: yasemwayo na ukweli wake

"Benki ilijenga pale kwa sababu Wall Street ilikuwa imenoga."
Hali ya Wall Street, mtaa wa mabenki kusini mwa Manhattan, ilikuwa kinyume kabisa. Miaka ya 1950 kampuni kubwa zilikuwa zinahamia Midtown, sehemu ya kati ya Manhattan, moja baada ya nyingine, na Chase Manhattan nayo ingeweza kuzifuata. David Rockefeller, mmoja wa viongozi wa benki hiyo, ndiye aliyepigania wabaki, na mwaka 1955 ikaamuliwa hivyo. Mnara wa ghorofa 60 ulikamilika mwaka 1961.

"Uwanja wake wa wazi ulitokana na sheria ya 1961."
Sheria iliyowaongezea wajenzi nafasi ya ofisi wakiacha uwanja wazi ilianza kutumika mnara ukiwa umeshasimama.

"Ni sanduku la chuma na kioo tu, halina roho."
Hapa sikubali hata kidogo. Msanifu Gordon Bunshaft wa kampuni ya usanifu majengo ya SOM alizitoa nguzo nje ya kuta, ndiyo maana ukiwa ndani ya ofisi hukutani na nguzo katikati ya sakafu. Kisha tazama bustani ya mchongaji Isamu Noguchi ya mwaka 1964: duara lililozamishwa chini ya uwanja, sakafu yake ikipanda na kushuka kama mawimbi, juu yake mawe yaliyoletwa kutoka mto Uji, Japani. Mpita njia huichungulia kutoka juu, na aliye kwenye ghorofa ya chini ya ardhi huiona kupitia kioo, mawe yakiwa usawa wa macho yake. Aliyebuni hivyo alimfikiria hata mtu asiye na akaunti pale.

"Mnara huo ndio uliofufua sehemu ile ya mji."
Uliizuia benki isihame, na hilo si dogo. Lakini ofisi peke yake hazihuishi mtaa: jioni wafanyakazi walipanda treni wakaenda zao. Mambo yalianza kubadilika hasa baada ya 1995, pale waliogeuza ofisi kuukuu kuwa nyumba za kuishi walipopewa nafuu ya kodi. Watu wakaanza kulala mitaa ile, na penye wakazi duka la vyakula hupata wateja hata Jumapili. Benki yenyewe, ilipoungana na Chemical Bank mwaka 1996, makao yake makuu yakawa Park Avenue, huko huko Midtown.

"Jengo la zama zile halina thamani tena."
Jiji la New York lililiwekea ulinzi wa kihistoria mwaka 2009. Mwaka 2013 kampuni ya Fosun ya China ililinunua kwa dola milioni 725, na sasa linaitwa 28 Liberty.