Sera na Kanuni Katika Umeme wa Upepo

Katika mkutano wa mtaa mmoja wa Ilemela, Mwanza, karibu kabisa na Ziwa Victoria, nilimsikia mzee akisema kwamba sera ya serikali hairuhusu kusimika mtambo wa kufua umeme kwa upepo ufukweni. Kauli za namna hiyo nimezisikia mara nyingi mno, na kila mara neno sera hubebeshwa mzigo usio wake.

Sera ni tamko la serikali juu ya kile inachokusudia kufanya na mwelekeo itakaoufuata. Sheria hutungwa na Bunge, na anayeivunja huweza kushtakiwa. Kanuni hutungwa chini ya sheria, aghalabu na waziri, ili kueleza utekelezaji wake: vipimo, fomu, ada na muda. Mwananchi anayeambiwa kwamba sera imekataa hurudi nyumbani akiwa hana cha kuuliza, ilhali anayetajiwa kanuni au kifungu anaweza kuomba akisome, akauliza kilianza lini na kinapimwaje.

Neno kanuni lenyewe linatufundisha jambo. Tumelipata kwa Waarabu, nao walilipokea kutoka kwa Wagiriki, ambao kwao kanon ulikuwa ufito ulionyooka wa kupimia; na nyuma ya Kigiriki lipo neno la kale la Kisemiti lenye maana ya tete, mmea ule ule unaoota kandokando ya ziwa letu. Wapimaji wa Babeli walikuwa na kipimo cha urefu kilichoitwa kwa jina hilo la tete. Kwa hiyo kanuni, tangu asili yake, ni kitu cha kupimia, na ndivyo zilivyo kanuni za mahali pa kusimika mitambo ya upepo: mita ngapi kutoka kwenye nyumba, kwa sababu ya kelele na kivuli cha mapanga yanayozunguka; mita ngapi kutoka barabarani; kimo gani karibu na uwanja wa ndege.

Nguvu ya kipimo inaweza kuizidi sera. Ujerumani imekuwa na sheria ya kuhimiza nishati jadidifu tangu mwaka 2000, lakini mwaka 2014 jimbo la Bavaria liliagiza kwamba mtambo uwe mbali na makazi kwa umbali usiopungua mara kumi ya kimo chake. Mtambo wa mita 200 ukahitaji kilomita mbili, katika nchi ambayo vijiji vyake vimekaribiana, na maombi ya vibali yakaporomoka. Hakuna aliyetangaza kwamba upepo umekatazwa.

Zaidi ya hapo, kila ufito una ncha inayotangulia kuwekwa chini. Jimbo la Ohio, Marekani, lilitaka mtambo uwe umbali wa futi 1,125, karibu mita 343, kutoka kwenye nyumba ya jirani. Mwaka huo huo wa 2014 wabunge wake waliiacha tarakimu hiyo kama ilivyokuwa, wakahamisha tu mwanzo wa kipimo kutoka kwenye nyumba hadi kwenye mpaka wa ardhi ya jirani. Mashamba ambayo yangepokea mitambo mingi yakabaki na nafasi ya michache mno, na miradi mipya ikakwama.

Sisi wa kando ya ziwa tunalielewa hilo bila kufika Ohio. Niliwahi kumshikia jirani yangu futi kamba, yeye akiwa kwenye bikoni, yaani alama ya mpaka, ya kiwanja chake nami nikiwa nimechutama ukingoni mwa maji, na kila wimbi lililokuja lilinifanya nisogeze sifuri. Mwaka 2020, ziwa lilipofurika kupita kawaida, mahali nilipochutama palikuwa chini ya maji, na bikoni ile ile, bila kung'olewa na mtu, ilikuwa imesogelea ziwa kwa hatua nyingi.

Mzee wetu, basi, hakukosea kuhusu ufuko. Mtambo haupaswi kusimikwa pale alipopaonyesha, lakini kinachozuia ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, ambacho kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufuko wa ziwa. Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 2015, kinyume chake, inahimiza nishati jadidifu, upepo ukiwemo. Namwomba kwa heshima, mkutano ujao aseme kwamba sheria hairuhusu ndani ya mita 60. Na akiulizwa juu ya mita ya 61, ajibu kwamba kifungu hicho hakiifikii, na kwamba hapo maswali ya tathmini ya mazingira, ya leseni na ya uwanja wetu wa ndege ndiyo yanaanza.