Dodoma hadi Iringa kwa pikipiki: kushuka Mtera, kupanda Nyang'oro

Wengi wakipanga safari hii huanza na kilomita. Ni 260 za lami, basi mtu anagawanya kwa mwendo wake na kujipangia saa ya kufika. Mimi nashauri uanze na mwinuko. Dodoma mjini ni kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Bwawa la Mtera liko karibu mita 700, na Iringa mjini inapita 1,500. Nusu ya kwanza unashuka kwenye joto, nusu ya pili unapanda mlima. Saa ya kuondoka, maji ya kunywa, upepo wa tairi, cheni na breki, vyote vipange kwa kufuata hilo.

Hesabu zangu hapa ni za pikipiki ya kawaida ya cc 150, watu wawili na begi moja, mwendo wa 70 kwa saa. Ukikimbia zaidi ya hapo mafuta yanaisha haraka na mandhari yenyewe huyaoni.

Ondoka Dodoma saa 12 na nusu asubuhi, kukiwa kumepambazuka. Ukitangulia gizani utakutana na baiskeli zisizo na taa, na mbuzi waliolala juu ya lami kwa sababu inatunza joto. Jua la asubuhi linakaa kushoto kwako, halikupigi machoni. Unapita mashamba ya zabibu upande wa Matumbulu na Mpunguzi, kisha nchi inakauka na mibuyu inaanza kujitokeza. Fufu ni kilomita 71 kutoka mjini, na ni mahali pazuri pa kunyoosha mgongo kwa dakika kumi. Salimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na utapewa kivuli bila kuuliza. Saa 3 uwe Mtera.

Msimu unaofaa zaidi ni Mei hadi Julai: mvua zimekwisha, majani bado yapo, maji bwawani ni mengi. Agosti hadi Oktoba upepo wa mashariki unakuwa mkali mchana, na ukielekea kusini unakupiga ubavuni upande wa kushoto. Ukirudi kaskazini unakujia kulia, upande wa lori: lori likikupita linaukata ule upepo ghafla, pikipiki inavutwa kuelekea lori, halafu upepo unarudi kwa nguvu na kukusukuma. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, na usikae karibu na mstari wa kati. Januari hadi Machi tatizo ni mchanga: korongo likishatiririka juu ya barabara huacha tabaka jembamba ambalo kwa mbali linaonekana kama lami kavu. Usishike breki ya mbele juu yake.

Sasa cheni, maana ndiyo inayoharibu safari hii kuliko injini. Kosa la kawaida si cheni kulegea, ni fundi kuikaza mno ikiwa pikipiki haina mzigo. Abiria akipanda, gurudumu la nyuma linasogea na cheni inajivuta zaidi. Ikiwa ilikuwa imekazwa tangu mwanzo, inakula sproketi (gia za meno zinazoshika cheni) na beringi, na mlimani inaweza kukatika. Ipime mwenyewe. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gia iwe nyutro. Weka rula wima katikati ya cheni ya chini, kati ya sproketi mbili. Isukume juu kwa kidole, kisha ivute chini, usome tofauti. Zungusha gurudumu robo, pima tena, mpaka umepima sehemu nne. Vipimo havitalingana, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Rekebisha kwa kufuata sehemu iliyokaza kuliko zote: hapo pawe na milimita 25 hadi 30. Mwisho, abiria na begi wakae juu, ubonyeze tena. Lazima bado icheze.

Tairi ni 25 psi mbele na 32 nyuma mkiwa wawili, zipimwe asubuhi zikiwa baridi. Ukipima Mtera utakuta zimepanda 3 au 4. Hilo ni joto, usitoe upepo, kwa sababu ukifika Iringa kwenye baridi utabaki na tairi laini. Beba tyubu moja ya nyuma, viraka na solusheni, pampu, na vyuma viwili vya kutolea tairi. Jaribu spana zako nyumbani kwenye nati ya ekseli ya nyuma. Nyingi zinazouzwa na pikipiki hupinda kabla nati haijalegea. Migunga ya pembeni ya barabara inaangusha miiba mirefu, na ule mti wenye kivuli kizuri ndio wenye miiba mingi chini. Simama kwenye lami au changarawe tupu, utembee kwa mguu kwenda kivulini.

Mafuta hayana fumbo. Pikipiki hii inakwenda kilomita 35 hivi kwa lita ikiwa na mzigo, kwa hiyo hadi Iringa ni lita 7 na nusu. Tangi la lita 11 likijazwa sheli ya Dodoma linakufikisha. Sioni sababu ya kununua petroli ya chupa njiani, ambayo huwezi kujua ina maji kiasi gani. Maji ya kunywa, lita 3 kwa kila mtu.

Mtera inastahili muda wako. Kaa saa nzima na nusu. Miti iliyozama bwawa lilipojazwa bado imesimama majini ikiwa mikavu, ndege wamejaa juu yake, na mwanga wa saa 3 unalala juu ya maji vizuri kabisa. Kula perege wa kukaanga; chagua anayetolewa kwenye karai mbele yako. Ukutani mwa bwawa na kwenye kituo cha umeme, ambacho huzalisha megawati 80, usitoe simu kupiga picha bila ruhusa, panalindwa. Picha piga mbele, maji yanapoonekana kutoka barabarani. Usishuke kukaa ukingoni: mna mamba na viboko.

Ondoka saa 4 na nusu, kabla joto halijakomaa. Kutoka hapo uko mkoa wa Iringa. Migori ni kilomita 95 kabla ya Iringa mjini, na baada ya Izazi unaukabili mlima wa Nyang'oro. Shuka gia mapema, kabla injini haijaanza kugugumia. Injini ya kupozwa kwa hewa inaumia zaidi ikivutwa gia kubwa kwa mwendo mdogo kuliko ikilia kidogo gia ya tatu. Juu simama dakika kumi, geuka nyuma uangalie bonde lote ulilotoka. Huo ndio mtazamo bora wa barabara hii, kulipita hata bwawa lenyewe. Kwenye salamu sasa ni Kihehe, "Kamwene", na Juni au Julai utahitaji sweta chini ya jaketi. Pikipiki ya kabureta itakosa nguvu kidogo huku kwa sababu hewa ni nyepesi. Si ugonjwa, usimruhusu fundi aguse skrubu ya kabureta.

Kuna wanaopenda kurudi kwa kuzunguka Mikumi na Morogoro. Siwashauri: malori ya njia ya Zambia ni mengi, na ndani ya hifadhi wanyama wanavuka. Rudini njia ile ile, asubuhi.

Ila kurudi ndiko kunakoshughulisha breki. Shuka Nyang'oro kwa gia ile ile uliyopandia, usibonyeze klachi, na breki ya nyuma ibonyeze na kuiachia, usiikanyage mfululizo. Bonde likifika, simama, sogeza kiganja karibu na habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma bila kuigusa. Ukisikia joto kali au harufu ya kuungua, iache dakika 15 ipoe yenyewe. Usiimwagie maji, kwa sababu chuma kilichochemka kikipozwa ghafla huweza kupasuka.