Je, wajua kwanini Wanazi walificha chuki yao ndani ya filamu ya mapenzi?

Ukimuuliza mtu filamu za Wanazi zilikuwaje, wengi watakwambia ni Hitler anafoka jukwaani, bendera kila kona na wanajeshi kwenye gwaride. Zilikuwepo, ila zilikuwa chache. Kati ya 1933 na 1945 Ujerumani ilitoa filamu za hadithi zaidi ya 1,000 na nyingi zilikuwa vichekesho, mapenzi na muziki, kwasababu Goebbels, waziri wa propaganda, alijua kabisa mtu aliyetoka kazini kachoka akalipa tiketi yake hataki kuhubiriwa, na ukimhubiria anakaa kwa tahadhari maana ameshajua unamuuzia kitu.

Mwaka 1940 ulionyesha hilo wazi. Chukua filamu mbili za kuwachafua Wayahudi zilizotoka mwaka huo. Der ewige Jude (Myahudi wa milele) ilijifanya ya ukweli mtupu, ikawalinganisha watu na panya bila kuficha, na watazamaji wakaikimbia, hadi ripoti za siri za serikali yenyewe zikaandika hivyo. Jud Süß (Myahudi Süß) ya mwongozaji Veit Harlan, yenyewe filamu ya hadithi, ikatazamwa na watu kama milioni 20.

Tofauti iko wapi? Fikiria mtoto anayekataa kidonge, mama anakificha ndani ya ndizi. Mtoto anameza kwa hamu, yeye anajua anakula ndizi, na hakuna wa kubishana naye maana hajaona cha kubishia. Ndizi ndani ya Jud Süß ni Dorothea, binti mpole mwenye mchumba wake, mavazi ya karne ya 18, muziki mzuri. Süß, Myahudi anayemsimamia mtawala pesa, anambaka huku mchumba wake akiteswa, binti anajitupa mtoni. Sasa mtazamaji anayelia anamlilia Dorothea, na huruma hiyohiyo, ambayo ni kitu kizuri kabisa cha binadamu, ndo inageuzwa hasira kwa Wayahudi wote. Mwisho Süß ananyongwa, Wayahudi wanafukuzwa, na ukumbi unaona haki imetendeka.

Süß mwenyewe, Joseph Süß Oppenheimer, aliishi kweli, akanyongwa Stuttgart 1738 baada ya kesi ya uonevu mtupu. Yani mtu aliyeonewa miaka 200 nyuma akafufuliwa ili watu wake waonewe tena, na hilo linauma sana.

Tuwe makini lakini: tiketi milioni 20 hazithibitishi mioyo milioni 20 iliyobadilika, chuki ilikuwepo kabla, na sinema ilikuwa sauti moja kati ya redio, magazeti na shule. Ila Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi za mateso, aliamuru SS na polisi wote waitazame, na miaka ya 1960, kwenye kesi ya waliofanya kazi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, iliyosikilizwa kule Frankfurt, mlinzi mmoja wa kambi alieleza kwamba walionyeshwa filamu za aina hiyo, Jud Süß ikiwemo, na baada ya hapo wafungwa walikuwa wanapigwa.