Jana hukula kitu kweli? Yanayosemwa Dodoma kuhusu mwili na chakula, na yaliyopimwa

Kwa misimu kadhaa nilikuwa mdadisi wa masuala ya lishe katika vijiji vya Bahi na Chemba, kishikwambi mkononi na ubao wa kupimia urefu wa watoto begani. Swali la kwanza lilionekana jepesi: jana ulikula nini, tangu ulipoamka hadi ulipolala? Bibi mmoja alinijibu, "Sikula kitu, mjukuu wangu." Nikaandika kwamba hakula.

Msimamizi wetu, mtu mzima aliyezoea kazi hiyo, akanivuta pembeni. Akaniambia nirudi nikaulize upya, ila nisilitaje neno kula. Nikarudi. Asubuhi ulipoamka, bibi, ulianza na nini? Uji wa uwele. Halafu? Karanga kidogo, wakati nachambua. Mchana ubuyu, na maziwa ya mgando kikombe kimoja. Jioni mashine ya kusaga iliharibika, hakukuwa na unga, ugali ukakosekana. Kwa hiyo hakula.

Kwetu mtu hajala mpaka akate tonge, hilo linaeleweka. Lakini jibu lile la kwanza lingeingia kwenye takwimu hivyo hivyo, na mtu Dar es Salaam angesoma kwamba bibi wa Bahi ameshinda na njaa. Tangu siku hiyo, nikisikia jambo lolote kuhusu chakula na mwili, liwe la Soko la Majengo au la kwenye daladala ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), nauliza kwanza limepimwaje.

"Moto unaua kila kitu"

Hii ndiyo dhana inayonitisha kuliko zote, kwa sababu hapa kwetu imeshazika watu.

Mwaka 2016, watu wa Chemba na Kondoa, pamoja na jirani zao wa Kiteto mkoani Manyara, walianza kuumwa matumbo, kutapika na kugeuka macho kuwa ya njano. Mwanzoni watu waliuita ugonjwa usiojulikana. Hadi ulipotulia, wagonjwa 68 walikuwa wamehesabiwa, na 20 kati yao walikuwa wamefariki. Wachunguzi walitumia njia rahisi yenye akili: walikwenda kwenye nyumba zenye wagonjwa na nyumba zisizo na wagonjwa, wakachukua mahindi na damu pande zote mbili, wakalinganisha. Kilichopatikana ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, na mahindi ndiyo yaliyoibeba.

Sasa jiulize mahindi hayo yaliliwa vipi. Yalisagwa, yakasongwa ugali, ukaiva vizuri. Kuvu wenyewe ni kiumbe hai, wanafia kwenye sufuria bila shida. Sumu waliyoiacha haifi, kwa kuwa haikuwa hai. Ili iharibike inahitaji joto la nyuzi zaidi ya 230, na ugali unaotokota haupiti sana nyuzi 100. Kukaanga karanga kunaipunguza, hakuimalizi.

"Lakini mahindi yangu ni meupe, hayana ukungu." Hapo napo pana mtego. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu ndizo zinazobeba sumu nyingi, kwa hiyo kuchambua kunasaidia sana. Hata hivyo punje inayoonekana safi yaweza kuwa nayo, na sumu haitapakai sawasawa ndani ya gunia. Nenda soko la mahindi la Kibaigwa uone bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje, linavyochomekwa. Likiangukia pembe safi, gunia zima linaonekana salama wakati kiganja kimoja cha punje mbaya kiko upande wa pili. Ndiyo maana wapimaji makini huchota sehemu nyingi, wakachanganya, wakasaga, ndipo wakapima. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, sawa na gramu 10 zilizotawanywa ndani ya tani 1,000 za mahindi. Jicho gani litaona hiyo?

Mahindi yaliyooza kuwapa ng'ombe si suluhisho pia, maana sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Na kuyafanyia pombe, ambako nimekuona kwa macho yangu, ni kuihamisha tu sumu kutoka kwenye sahani kwenda kwenye kata. Kinachofanya kazi kinachosha kukisema kwa jinsi kilivyo cha kawaida: anika juu ya turubai badala ya udongo mtupu, hifadhi yakiwa makavu kabisa, chambua, koboa kabla ya kusaga.

"Mtu wa jembe anachoma chakula mara mbili ya karani"

Nami niliamini hivyo. Nani asingeamini?

Pembezoni mwa Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, na wengine wao ni majirani zetu wa karibu kabisa, pale Munguli, wilayani Mkalama, Singida. Wanaume huwinda na kurina asali, wanawake huchimba mizizi na kuchuma matunda. Mwaka 2012 timu ya Herman Pontzer kutoka Marekani ilichapisha vipimo vya watu wazima 30 wa jamii hiyo. Waliwanywesha maji yaliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha wakakusanya mkojo kwa siku kadhaa. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini ikiwa maji tu. Oksijeni hutoka ikiwa maji na pia kwenye pumzi tunayotoa, kwa hiyo hupungua haraka zaidi. Tofauti ya kasi hizo mbili inaonyesha mwili umetoa hewa ukaa kiasi gani, na kutoka hapo unapata nguvu iliyotumika. Hakuna kukisia, na hakuna kumuuliza mtu jana alifanya nini.

Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti. Maelezo anayoyatoa Pontzer ni kwamba mwili una bajeti: ukitumia zaidi kutembea, unabana kwingine. Mjadala wa namna unavyobana bado unaendelea.

Wapo waliolishika tokeo hili kwa mkia wakasema basi mazoezi hayana maana. Haraka hizo! Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti waliwavalisha Wahadzabe vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Walikuta wanapata zaidi ya saa 2 kwa siku za shughuli ya kutoa jasho, wakati Shirika la Afya Duniani linatuomba dakika 150 tu kwa wiki nzima, na mioyo yao ilikuwa na hali nzuri hadi uzeeni. Kutembea kutoka Nkuhungu hadi mjini kunautunza moyo wako. Kitambi ulichonacho kilitoka kwenye sahani, na kwa sehemu kubwa huko ndiko utakakokipunguzia.

Jambo moja zaidi, nalipenda. Mwaka 2020 ilionekana kwamba Wahadzabe nao hupumzika kwa jumla ya karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, sawa na watu wa ofisini. Ila sehemu ya mapumziko hayo wamechutama au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Wazee wetu wanaochutama chini ya mbuyu wakipiga soga hawajawahi kuiita hiyo mazoezi.

"Ukishapita 35 mwili unazubaa"

Kauli ya vikao vya harusi, mkono mmoja ukiwa kwenye kiti moto. Mwaka 2021 vipimo vya maji yale yale kwa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95, vilionyesha kwamba kati ya miaka 20 na 60 uchomaji wa nguvu hautetereki. Unaanza kushuka baada ya 60, tena polepole.

"Zamani watu walilala na kuku"

Hapana. Wahadzabe na jamii nyingine mbili zisizo na umeme, za Namibia na Bolivia, walipimwa kwa vifaa vya mkononi. Walikaa macho saa 3 na zaidi baada ya jua kuzama, na wastani wa usingizi wenyewe haukuzidi sana saa 7.

"Uwele ni chakula cha njaa, na uji mzito ndio wenye nguvu"

Nimeziunganisha kwa kuwa zote mbili humwangukia mtoto mmoja. Uwele una madini ya chuma na protini zaidi ya mahindi, tena unastahimili ukame wetu. Ila chuma hicho kimefungwa na fitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye nafaka, kwa hiyo mwili hupata sehemu ndogo, na chai ya rangi ukinywa pamoja na chakula inaipunguza tena. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hukifungua.

Uji nao una hesabu yake. Unga mchache ukipikwa hufura maji mengi, ukaonekana mzito, mtoto akashiba maji. Kimea kidogo, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kinauyeyusha uji ule mara moja, na hapo unaweza kuongeza unga bila mtoto kukabwa. Wataalamu wa lishe Tanzania walilihubiri hili tangu miaka ya 1980. Ukiotesha mtama, pukuchua vichipukizi kabla ya kusaga, maana vina sianidi.

"Damu yetu mnaiuza"

Mumiani, yule mnyonya damu wa hadithi, hafi. Mzee mmoja wa Chemba aliniambia kwamba tunaiuza damu yao, nikiwa bado sijakaa kwenye kigoda. Nilimweleza: mfuko wa damu wa hospitali ni mililita 450, sisi tunachukua tone la kidole, hakuna mteja wa tone. Kwamba utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha maadili, kwamba anaweza kukataa hata katikati na hatadaiwa chochote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwaka juzi alikuja mwenzako. Akanitoboa kidole, akashukuru, akaenda. Majibu yangu yako wapi, mwanangu?"

Sikuwa na la kujibu. Nikamtoboa, nikasubiri kimashine cha kupimia wingi wa damu, nikamgeuzia asome: 12.4. Nikamwambia maana yake. Akaomba nimwandikie. Nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika namba na tarehe. Akaukunja mara nne, akauweka ndani ya kofia yake.