Je, wajua kwa nini Lugard alipenda kutawala kupitia wafalme aliowashinda?

Mwishoni mwa 1887, Frederick Lugard alikuwa kapteni wa jeshi la Uingereza mwenye miaka 29. Alikwishapigana Afghanistan, Sudan na Burma, akapewa nishani, kisha akakataliwa na mwanamke aliyempenda. Akapanda meli kuja Afrika bila kazi yoyote iliyomngoja. Mwaka uliofuata, huko Karonga kwenye Ziwa Nyasa, aliongoza shambulio dhidi ya ngome ya Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Risasi ikamjeruhi mikono yote miwili.

Alipopona aliajiriwa na kampuni ya Waingereza iliyokuwa na makao Mombasa, na Desemba 1890 akaingia ufalme wa Buganda (katika Uganda ya leo) na kikosi kidogo pamoja na bunduki ya Maxim, yaani bunduki ya rashasha. Januari 1892 Waganda Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo, makao ya mfalme. Lugard akawasaidia Waprotestanti, na Kabaka (mfalme) Mwanga, aliyekuwa upande wa pili, akatoroka. Hapo ndipo penye jibu. Mshindi angeweza kujitwalia nchi, lakini Lugard alihangaika hadi mwisho wa Machi kumshawishi Mwanga arudi kwenye kiti chake. Si kwa huruma. Kabaka alikuwa na katikiro (waziri mkuu), machifu wa masaza (majimbo), mabaraza ya kesi na watu wa kukusanya kodi. Lugard alikuwa na askari wachache na kampuni inayokaribia kufilisika. Bila Kabaka, angemwamuru nani?

Somo hilo alikwenda nalo Nigeria Kaskazini, alikokabidhiwa utawala mwaka 1900. Eneo lilikuwa kubwa mno, na hazina ya London ilikuwa na mkono wa birika. Mwaka 1903 majeshi yake yaliteka Kano na Sokoto. Sultani Attahiru wa Sokoto alikimbia, akauawa Burmi mwaka uleule, lakini kiti chake hakikuachwa wazi: Lugard aliweka sultani mwingine. Kadhi aliendelea kuhukumu na kodi iliendelea kukusanywa, ila sasa sehemu yake ilikwenda kwa Waingereza. Yaani wenye nchi ndio waliogharimia kutawaliwa kwao.

Baada ya miaka kadhaa akiwa gavana wa Hong Kong, alirudi kuunganisha Kaskazini na Kusini, na 1914 ikazaliwa Nigeria moja. (Jina hilo lilipendekezwa gazetini na Flora Shaw, mwandishi ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe.) Kusini ndiko mfumo ulikokwama. Jamii nyingi za Waigbo hazikuwa na mfalme. Wazee na mikutano ya kijiji ndiyo iliyoamua. Waingereza wakawatengenezea machifu wa kupewa hati. Watu hao walichukiwa sana, na mwaka 1929, Lugard akiwa amekwisha staafu, maelfu ya wanawake waliandamana dhidi yao na dhidi ya hofu ya kutozwa kodi.

Tanganyika nayo ilionja. Donald Cameron, aliyefanya kazi Nigeria chini ya Lugard, alikuja kuwa gavana Dar es Salaam mwaka 1925. Akawaondoa maakida, watawala wa kuteuliwa waliorithiwa kutoka kwa Wajerumani, akawapa machifu mahakama na hazina zao, na maofisa wake wakazunguka wakitafuta chifu hata kwenye makabila ambayo hayakuwahi kuwa naye. Lugard mwenyewe alikuwa Geneva wakati huo, mjumbe wa kamisheni ya kimataifa iliyokagua ripoti za Tanganyika. Madaraka ya machifu hao yalifutwa kisheria mwaka 1963, miaka 18 baada ya Lugard kufariki.