Magombo ya Herculaneum: Mashine Imeonyesha Wino, Wanaosoma ni Watu

Tangu Februari 2024, habari za magombo ya kale ya Herculaneum, yaani vitabu vilivyoviringishwa kutoka mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano nchini Italia, zimesimuliwa kwa namna inayomfanya msikilizaji aamini kwamba kompyuta ilikifungua kitabu kilichoungua, ikakisoma na kukitafsiri, nasi tukapokea matokeo. Hivyo sivyo ilivyokuwa. Anayeipenda elimu ya vitabu ana sababu ya kuyajua yaliyotendeka, kwa kuwa yanahusu pia wakutubi, wanafunzi na wataalamu wa Kigiriki ambao kazi yao inamezwa na masimulizi hayo mafupi.

Kwanza, wengi hudhani kwamba kitabu kikishaungua maandishi yake yamekwisha. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK, nyumba moja kubwa ya kifahari pale Herculaneum, ambayo inasadikiwa kuwa ya Lucius Calpurnius Piso Caesoninus, baba mkwe wa Julius Caesar, ilifukiwa pamoja na maktaba yake. Joto lilikuwa kali mno, lakini hewa haikuwepo ya kutosha kuyateketeza magombo, na kwa hiyo yalipatwa na kile kinachozipata kuni ndani ya tanuri la mkaa lililofunikwa udongo: hayakuwa majivu, bali makaa. Mafunjo ya kawaida, yaani karatasi za kale zilizotengenezwa kwa mmea wa majini, yangeoza zamani katika unyevu wa Italia. Vitabu vingi vya Wagiriki na Warumi tulivyo navyo leo vimetufikia kwa kunakiliwa kizazi baada ya kizazi, ilhali haya ni magombo yenyewe yaliyoshikwa na wasomaji wa enzi ile, na ni janga lile lile lililoyahifadhi.

Dhana nyingine ni kwamba magombo haya yamekunjuliwa. Waliojaribu kuyakunjua ndio walioharibu mengi. Baada ya kugunduliwa kuanzia mwaka 1752, baadhi yalikatwa kwa kisu, na mengine yakaingizwa katika mashine ya kasisi Antonio Piaggio wa Maktaba ya Vatican, iliyoyavuta polepole kwa nyuzi za hariri huku vipande vikimeguka njiani. Mamia yaliachwa yalivyo. Sehemu kubwa iko katika Maktaba ya Taifa ya Napoli, machache yalipelekwa Paris kama zawadi kwa Napoleon mwaka 1802, na mengine yalifika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Nawaheshimu sana wakutubi walioyatunza kwa zaidi ya karne mbili bila kuyagusa, wakati hakuna aliyeweza kuwaahidi kwamba siku moja yatasomeka. Kama wangekosa subira, leo pasingekuwa na cha kupiga picha.

Picha hizo ni za eksirei, na watu husikia hilo wakadhani kwamba wino ulijitokeza mara moja. Profesa Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky alikuwa amefaulu kwa njia hiyo mwaka 2015, aliposoma gombo lililoungua la En-Gedi, karibu na Bahari ya Chumvi, na kukuta ndani yake kitabu cha Mambo ya Walawi. Wino wa gombo lile ulionekana wazi. Wino wa Herculaneum kwa kawaida ni wa masizi, yaani kaboni iliyoandikwa juu ya mafunjo ambayo nayo yamegeuka kaboni, hivyo eksirei hupita katika vyote viwili karibu sawasawa na jicho haliambulii kitu. Mwaka 2019 magombo mawili yalipigwa picha katika mtambo wa Diamond Light Source nchini Uingereza, na mwezi Machi 2023 picha hizo zikawekwa hadharani pamoja na zawadi za fedha kwa yeyote ambaye angepata maandishi ndani yake.

Hapa ndipo akili mnemba inapoingia, na ndipo kosa kubwa linapofanyika. Wa kwanza kuona dalili ya wino ndani ya gombo lililofungwa alikuwa mtu, Casey Handmer, ambaye baada ya kuzitazama picha hizo kwa saa nyingi alibaini mipasuko midogo mfano wa tope lililokauka, yenye umbo la herufi. Luke Farritor, mwanafunzi wa Nebraska aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliifundisha programu kuitafuta mipasuko ya namna hiyo, na Oktoba 2023 likatangazwa neno la kwanza, *porphyras*, lenye maana ya rangi ya zambarau. Youssef Nader, Mmisri aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Berlin, alilifikia neno hilo hilo kwa njia yake mwenyewe.

Programu hizo hazijui Kigiriki. Hazijui hata kwamba kuna lugha. Kila mara hutazama kijisehemu kilicho kidogo kuliko herufi moja, na kujibu swali moja tu: pana wino hapa, au hapana? Kwa sababu hiyo, hofu ya baadhi ya watu kwamba mashine ilijitungia maandishi haina msingi mkubwa, kwani asiyeiona herufi nzima hawezi kubuni sentensi. Kwa sababu hiyo hiyo, si kweli kwamba ilisoma. Waliosoma ni wataalamu wa mafunjo, akiwemo Federica Nicolardi wa Napoli, ambao hubishana juu ya kila herufi yenye shaka kabla ya kuikubali.

Kuhusu kiasi kilichosomwa, wapo wanaodhani maktaba yote imeshafunguka. Zawadi kuu ya dola 700,000, waliyogawana Nader, Farritor na Julian Schilliger wa Uswisi, ilitolewa kwa safu 15 zenye herufi zaidi ya 2,000, ambazo ni takribani asilimia 5 ya gombo moja. Humo mwandishi anazungumzia raha, na anasema kwamba, kama ilivyo kwa chakula, hatuamini mara moja kuwa vitu adimu vinapendeza zaidi ya vilivyo tele.

Matumaini kwamba tamthilia za kale zilizopotea zitapatikana nayo yanahitaji kupimwa. Maandishi mengi yaliyotambuliwa hadi sasa ni ya falsafa ya Epikuro, Mgiriki aliyefundisha juu ya raha, hasa ya mfuasi wake Philodemus. Hata habari ya Aprili 2024 kuhusu mahali alipozikwa mwanafalsafa Plato, katika bustani ya shule yake mjini Athens, haikutoka katika gombo lililofungwa, bali katika maandishi ya Philodemus yaliyokunjuliwa zamani na kupigwa picha upya kwa mbinu bora.

Hatua ya Mei 2025 ndiyo iliyonigusa zaidi. Katika gombo moja la Oxford, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Würzburg walipata jina la kitabu na la mwandishi wake: Philodemus, *Juu ya Maovu*. Jina hilo limeandikwa mwisho wa maandishi, katikati kabisa ya gombo, mahali ambapo msomaji wa kale alifika baada ya kukunjua kila safu.