"Hana taito, hana kesi" na maneno mengine tunayowaambia watu kaunta

Kila nikienda kufunza maofisa wanaopokea malalamiko ya nyumba hapa Mombasa, chai ya saa nne haijafika nshaisikia ile sentensi: "Lakini huyu hana taito, sasa sisi tutamsaidia na nini?" Wasema maofisa wa kaunti, wasema machifu, wasema hata vijana walioajiriwa juzi. Nshachoka nayo kwa kweli, kwa hivyo leo naanza na hiyo.

Asiye na taito, yaani hatimiliki ya ardhi, hana haki ya makao? Si kweli hata kidogo. Kifungu cha 43 cha katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya makao ya kufaa na usafi wa kiwango kinachostahili. Kila mtu, hakikusema kila mwenye kiwanja. Na Mahakama ya Juu, Januari 2021, kwenye ile kesi ya Mitu-Bell ya watu waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi, ilisema watu wasio na ardhi wakikaa kwenye ardhi ya umma na kufanya makao hapo, ardhi haiwi yao lakini haki yao ya makao yalindwa. Kumiliki ardhi ni kitu kimoja na kuwa na pa kulala ni kitu chengine, ukivichanganya pale kaunta utamfukuza mtu mwenye kesi nzuri kabisa.

Na hili lanishangaza zaidi likisemwa na mtu wa Mombasa, mji wa nyumba bila ardhi! Nenda Majengo, nenda Kisauni, nenda Likoni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, mwenye nyumba ni mmoja na mwenye ardhi ni mwengine na kodi ya ardhi yalipwa miaka nenda miaka rudi. Yuaja mama mtu mzima na bahasha ya kaki imejaa risiti, zengine wino ushafifia, jina lililoandikwa ni la marehemu mumewe, na swali la kwanza wamuuliza "taito iko wapi mama?" Hana, na hakuja kusema anayo. Zile risiti ndo ushahidi wake. Korti za Pwani zimeutambua mpango huu tangu zamani, kwamba mwenye nyumba yake juu ya ardhi ya mtu hawezi tu kuamkia tingatinga mlangoni, lazima apewe notisi ya maana. Kwa hivyo chukua bahasha, toa kopi, mrudishie zake zote, risiti hata moja isibaki ofisini.

Haya, na yule asiye na risiti, aliyeingia tu akajenga? Hata yeye. Sheria ya Ardhi ilirekebishwa 2016 ikaweka notisi ya miezi mitatu kabla ya kumtoa mtu, na ikiwa ni ardhi ya kibinafsi notisi iwe kwa maandishi na ipelekwe pia kwa naibu kamishna wa kaunti wa eneo lile na kwa mkuu wa polisi, yaani serikali yenyewe yatakiwa iwe na nakala yake kwenye faili! Ndo maana mimi nasema swali la kwanza ni "notisi umepata? lini? kaileta nani?" Alafu hata notisi ikiwa sawa, siku ya kuvunja wavunjaji wajitambulishe, waonyeshe idhini, wazee na watoto na walemavu walindwe, na wenyeji wapewe nafasi ya kwanza kuvunja wenyewe waokoe vitu vyao. Mabati na boriti ni pesa, mtu akiyaokoa ana pa kuanzia.

Kitu chengine ambacho sitaacha kukisema, andika maneno ya mtu kama alivyoyasema. "Wamekuja usiku wakang'oa mlango na wakakata maji, nina mtoto mgonjwa ndani." Nikifungua faili nikute "mgogoro wa ardhi" peke yake najua ofisa hakusikiza, manake mgogoro wa ardhi wapelekwa ofisi ya ardhi ukalale huko, na mambo ya maji na mtoto hakuna tena anayeyashughulikia.

Maneno mengine ya kaunta yasiyo kweli, haraka haraka.

"Haki ya makao ni serikali impe kila mtu nyumba ya bure." La, katiba yasema itimizwe hatua kwa hatua. Lakini serikali ikidai haina pesa ni yenyewe ya kuthibitisha, si mlalamishi, na kuacha kumvunjia mtu nyumba hakuhitaji bajeti.

"Mpangaji na mwenye nyumba ni mambo yao ya kibinafsi." Kifungu cha 20 chasema haki zamfunga kila mtu. Kama kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi kuna tribunali ya kodi za nyumba na bila oda yake mpangaji hatolewi, ikizidi kuna korti. Mwandikie barua ya kumpeleka huko, usimwambie "nendeni mkaelewane" na kufuli iko mlangoni na godoro liko nje.

"Ukitoa sababu kwa maandishi umejitia kitanzini." Kifungu cha 47 na sheria ya 2015 ya hatua za haki za kiutawala zampa mtu haki ya kupewa sababu hizo. Ofisa ninayemhofia mimi ni yule wa "rudi kesho" bila tarehe wala jina.

"Haki ni foleni moja kwa wote." Kifungu cha 21 chakutaka uangalie mahitaji ya wazee, walemavu, watoto. Mtu wa kiti cha magurudumu yuko chini na ofisi iko orofa ya pili, shuka wewe.

Na wale wanaoficha kwamba ofisi yao pia yashtakiwa: Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko juu ya ofisi za serikali, yupo kwa sheria tangu 2011, kumpelekea malalamiko ni bure, bandikeni anwani yake ukutani kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili, pale pale kaunta.